Darubini Inatafuta Miguu

Bukama, 19 Februari 1956

Mwanangu Wivine,

Pokea salamu zangu, wewe na mume wako Clovis na mjukuu wangu Madeleine. Huku tuko wazima, ukiliacha goti la mama yako mudogo Brigitte, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio ya misheni. Mto umejaa mpaka kwenye migomba ya jirani. Nimesikia Madeleine ameingia shule ya Masista. Mwambie babu yake amefurahi, na asome kwa sauti, asinong'one kama wewe ulivyokuwa ukinong'ona.

Sasa neno lililonishikisha kalamu. Unamkumbuka Père Gustave, padri mzee mwenye ndevu za rangi ya tumbaku. Mwaka jana, maradhi yalipomrudisha Ulaya, aliniachia darubini yake, kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikikaa naye nje baada ya sala ya jioni tukitazama mwezi. Bomba lake ni la shaba, refu kupita mkono wa mtu mzima kidogo, zito kama mtoto aliyeanza kusimama. Bomba ni zima. Miguu yake mitatu ndiyo imekwisha. Ilikuwa ya mbao za Ulaya, na mchwa wa hapa walikuwa hawajaonja mbao tamu namna hiyo.

Nimeiweka juu ya meza. Brigitte akipita jikoni, mwezi unaruka. Jogoo akipiga mbawa, mwezi unaruka. Ningecheka, lakini mwalimu Faustin wa shule ya misheni amesoma katika gazeti la Kifaransa kwamba mwezi wa tisa mwaka huu nyota nyekundu, Mars, itasogea karibu nasi, na haitasogea hivyo tena mpaka ipite miaka kumi na mitano. Mimi si mtu wa kungoja miaka kumi na mitano. Père Gustave alinisimulia habari za nyota hiyo na weupe ulio kichwani mwake, na nataka niuone weupe huo kwa jicho langu kabla sijafa.

Umri wangu wote nilikuwa mtu wa ishara kwenye reli. Taa ya treni niliitambua kabla dereva hajaitambua yangu. Macho haya hayajanidanganya hata siku moja, kwa hiyo usidhani ni uzee. Kinachokosekana ni miguu tu.

Élisabethville kuna kila kitu. Nitafutie miguu isiyotetemeka, inayobeba bomba bila kuinama, na juu yake pawe na kichwa kinachogeuka taratibu, kushoto na kulia, juu na chini. Clovis ni mtu wa vyuma, atajua pa kuuliza.

Ni mimi, baba yako mudogo,
Léonard


Katuba, Élisabethville, 25 Machi 1956

Baba Mudogo,

Nakuamkia, na mama mudogo pia, na goti lake nalipa pole. Jirani yangu Kapinga, yule mama wa Kasai anayeuza samaki wakavu, anasema lipashwe moto kwa chumvi ya mawe iliyofungwa kitambaani. Madeleine anasoma kwa sauti mpaka majirani wote wamehitimu pamoja naye. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kushona nguo za Pasaka. Clovis hajambo, kazi imemshika sana.

Miguu nimeitafuta mwenyewe. Kwa kuwa sina darubini ya kujaribia, nilichukua bakuli langu la bati jeupe, nikawa naliweka juu ya kila miguu niliyoonyeshwa, nalijaza maji, halafu nayaangalia maji. Yakitulia upesi, miguu ni mizuri. Yakiendelea kucheza, naondoka.

Nilianza kwa mpiga picha wa karibu na soko. Miguu yake ni myembamba kama ya korongo. Maji yalicheza mpaka yakamwagika juu ya viatu vyake, akanuna: "Mama, hii ni ya kuweka apareye ya picha, haiko ya kuweka bakuli." Nikamjibu kwamba maji yasipokaa, nyota haitakaa.

Halafu Kapinga akasikia kwa wapishi anaowauzia samaki kule Makomeno, mtaa wa Wazungu, kwamba Mzungu mmoja mpima ardhi anarudi kwao na anauza vitu vyake uani. Tulikwenda. Palikuwa na miguu mitatu ya mbao ya njano, minene, yenye ncha za chuma za kukita ardhini. Bakuli langu lilikaa juu yake kama liko mezani. Baba Mudogo, nilifurahi sana. Ila wakati nainama kumwaga maji, Mzungu mwingine aliibeba begani akaenda nayo. Ungekuwepo ungemrudisha kwa kipenga.

Sasa nimesema na Musonda, seremala wa barabara yetu. Anaweza kuitengeneza akipewa mchoro. Ulete.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Wivine


Bukama, 24 Aprili 1956

Mwanangu Wivine,

Amani ya Pasaka ikae nanyi. Chumvi ya Kapinga imefanya kazi, Brigitte ameenda kwa miguu mpaka misheni na kurudi, na ameanza tena kunigombeza kwa nguvu zake zote. Mshukuru jirani yako, ingawa sina hakika kama mimi nimefaidika.

Nimecheka peke yangu juu ya bakuli lako. Nimemsimulia Faustin, naye hakucheka, alisema hicho ndicho kipimo chenyewe.

Mchoro huu hapa. Umo katika kijitabu alichokiacha Père Gustave pamoja na bomba. Faustin ameunakili usiku na mchana, hakuacha hata nukta. Utaona kwamba kichwa hakikai wima, kimeinamishwa. Sababu yake ni kwamba nyota zote zinazunguka pamoja, kama watu wanaocheza kuzunguka ngoma, na kichwa kikiinamishwa sawasawa, mkono mmoja tu unatosha kuifuata nyota yako bila kuipoteza. Kijitabu kinasema kiinuliwe digrii hamsini na moja na kielekezwe kaskazini. Mwambie Musonda asipunguze wala asiongeze.

Jambo jingine. Chini ya barua yako hapakuwa na mstari wa Clovis. Siku zote alikuwa akiniandikia mstari wake mmoja, mwandiko kama kuku aliyekanyaga wino, na mimi nimeuzoea. Mwambie kazi ikimshika shati, mkono wa kuume aubakize huru.

Macho ya Brigitte yameanza kuchoka na sindano, mimi namtungia uzi. Nasema tu.

Baba yako mudogo,
Léonard


Katuba, 3 Juni 1956

Baba Mudogo,

Shikamoo kwako na kwa mama mudogo. Baridi imeingia, asubuhi tunatoa moshi mdomoni. Madeleine ameota jino jingine na amekuwa wa pili darasani. Clovis amesafiri kwa kazi, yuko Kolwezi. Nisamehe kuchelewa. Nguo za Komunyo ya kwanza zilikuwa nyingi, nami natumia mashine ya kushona ya Kapinga, ile ya mkono, kwa sababu yangu iko kwa fundi.

Miguu imepanda treni leo. Musonda ameitengeneza kwa mninga, na bakuli limekaa juu yake vizuri. Aliyafuata maandishi ya Faustin moja kwa moja. Ila alipomaliza kichwa alikizunguka mara mbili, akaniuliza: "Mama Madeleine, hii kichwa inaangalia juu sana. Iko inatafuta nini huko?" Nikamwambia inatafuta nyota. Akasema, basi nyota za Bukama ziko mbali na za Katuba.

Niandikie imefikaje.

Wivine wako


Bukama, 1 Julai 1956

Mwanangu,

Mungu awalinde wewe na Madeleine mwenye meno mapya. Sisi tunakula samaki na kukohoa moshi, maana watu wameanza kuchoma nyasi. Brigitte anawasalimu na anataka kujua kama Clovis amerudi. Na mimi nataka kujua.

Miguu ilifika salama. Sasa kaa chini nikusimulie aibu yetu.

Tuliisimamisha uani, tukaelekeza kichwa kaskazini kama kijitabu kisemavyo, kuitafuta ile nyota ya kaskazini isiyohama. Tuliitafuta jioni mbili. Upande ule tuliona miembe ya misheni, na chini yake bomba la moshi la kiwanda cha mafuta ya mawese. Nyota hakuna. Nikasema basi, tutazame mwezi hivyo hivyo. Kila nilipougeuza mkono, mwezi ulikwenda huku na darubini ikaenda kule, kama mume na mke waliogombana. Jioni ya tatu Faustin alikaa juu ya kinu, akafungua ukurasa wa kwanza wa kijitabu, mahali pasiposomwa na mtu, akajipiga kofi la paji la uso.

"Bwana Léonard," alisema, "hii buku baliiandikia bantu ba Bulaya. Digrii hii ni ya Bruxelles."

Ndivyo. Sisi wawili wenye akili, na Musonda wako, tulikuwa tumejenga kichwa cha kutazamia mbingu za Ubelgiji. Huku kwetu nyota zinazunguka upande wa kusini, na chini kabisa, karibu na ardhi. Kichwa kinatakiwa kulala karibu chali, digrii tisa tu, na kutazama kusini. Tulikikata kwa msumeno. Mwombe Musonda radhi, aliuliza swali ambalo sisi hatukujiuliza.

Sasa kichwa kinafuata vizuri. Lakini mbao, mwanangu, zilikuwa mbichi. Kiangazi kimezikausha, viungo vimelegea, na mguu mmoja umejipinda. Nikitazama, mwezi una manyoya pembeni na nyota inacheza. Faustin anasema yeye anaiona vizuri, lakini Faustin ni kijana mwenye adabu, atasema vizuri hata akipewa uji ulioungua. Hapa panatakiwa chuma. Mwezi wa tisa hauko mbali.

Na mashine yako, fundi huyo anaitengeneza au anaizaa?

Baba yako mudogo,
Léonard


Katuba, 29 Julai 1956

Baba Mudogo,

Nakusalimu. Tumecheka na Kapinga mpaka akasahau samaki wake kwangu, hasa pale kwenye bomba la kiwanda. Musonda hakucheka, alisema tu kwamba mbao alizitaka zikauke, ni mimi niliyemharakisha. Ni kweli. Madeleine hajambo. Clovis bado yuko kazini huko.

Chuma kimepatikana. Ni miguu ya mashine ya kushona, ile ya kukanyaga, chuma kitupu, na pande zake mbili zimeungwa kwa ukanda mnene katikati. Juu nimempa Musonda aweke ubao wa mninga, mkavu safari hii, wenye matundu ya kufungia kichwa chenu kilicholala. Nimeijaribu. Nililijaza bakuli mpaka ukingoni, nikawaambia watoto wa Kapinga warukeruke kando yake. Maji hayakutikisika. Nilijaribu tena lori la maji lilipopita. Yalitikisika kidogo tu, yakatulia kabla vumbi halijatulia.

Ni mizito, mwambie Faustin aje stesheni na mtu mwenye mgongo. Usiniulize imetoka wapi. Ipo, nawe unaihitaji.

Wivine


Bukama, 26 Agosti 1956

Mwanangu Wivine,

Nakusalimu, namsalimu Madeleine, na wengine nitawasalimu nikishajua wako wapi.

Miguu imefika. Faustin na mimi tumeifungia kichwa na bomba, na nimeiegemea kwa tumbo langu lote isinijibu kitu. Umechagua vizuri kuliko kijitabu, kuliko mimi, kuliko mwalimu. Hakuna duka la Ulaya lingenipa miguu kama hii.

Lakini niliinama kufuta vumbi kwenye kanyagio, vidole vyangu vikakuta kipande cha chuma upande wa chini, kirefu kama kiganja, kilichopigiliwa kwa ribiti nne. Umesahau, Wivine? Ulikuwa bibi arusi, ulikuwa unalia. Mashine ilianguka kutoka behewani hapa hapa stesheni ya Bukama, kanyagio likapasuka, nami nikalipeleka karakana ya reli nikaliunga kwa mkono wangu treni ikiwa inangoja. Nililigundua kwa vidole kabla sijaliona. Ni mashine ile ile aliyokununulia baba yako, ndugu yangu, miezi michache kabla hajafa.

Nimekaa nimezisoma tena barua zako zote. Tangu mwezi wa tatu Clovis yuko kazini, mashine iko kwa fundi, Clovis yuko Kolwezi, Clovis bado yuko. Mshonaji hatoi miguu ya mashine yake kama ana kichwa cha kuiwekea. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sina hasira. Nina hofu. Kichwa cha mashine kiko wapi, na mume wako yuko wapi? Nijibu kabla ile nyota haijafika. Sitaki kuitazama huku nikikuwaza wewe.

Baba yako,
Léonard


Katuba, 6 Septemba 1956

Baba Mudogo,

Nilikuwa nimesahau kabisa habari ya kanyagio. Niliweka mguu wangu juu ya ribiti zako miaka yote hii bila kujua niko juu ya kazi yako.

Clovis aliondoka mwezi wa kwanza. Ulipoandika barua yako ya kwanza kumtaka akuulizie habari za vyuma, alikuwa ameshakwenda. Yuko Kolwezi, lakini hakupelekwa na kazi, ana mwanamke huko na nyumba. Alikuja na rafiki yake mchana nilipokuwa kanisani, akafungua skrubu za kichwa cha mashine akakifunga ndani ya blanketi letu. Miguu ilimshinda uzito, akaiacha. Alimwambia Kapinga: "Mwambie asinitafute. Miguu ninamuachia, atatembea nayo." Kapinga alimtupia kichwa cha samaki, hakikumpata.

Sasa sikia kwa nini nilikuficha. Nyumba hii ya Katuba imeandikwa kwa jina lake. Mwanamke asiye na mwanaume nyumbani huandikwa kwenye karatasi nyingine, na jina wanalolitumia kwenye karatasi hiyo wewe unalijua, ni kama kuitwa malaya. Watu wa serikali wakija kuuliza, nasema mume wangu yuko safarini. Nimesema hivyo mara nyingi hata nikaanza kukuandikia wewe hivyo hivyo. Na nilijua kwamba ukijua, utafanya anachofanya kila baba, utaniandikia neno moja tu: rudi.

Nikirudi Bukama, Madeleine atatoka kwa Masista. Mimi nitapika kwenye jiko la mama mudogo, na jioni watu watanionea huruma. Hapa wanawake wa Katuba wananijua kwa mkono wangu. Nashona kwa mashine ya Kapinga alfajiri kabla hajaamka na jioni akishalala. Mgongo unaniuma, lakini nakula jasho langu. Nimelia sana, Baba, siku zile za mwanzo, na bado nalia nikipiga pasi shati la mtu mwingine. Ila nisingependa uniite. Nakuheshimu kama Mungu alivyoamuru, na ukiniita sitajua la kufanya, ndiyo maana nakuomba usiniite.

Miguu nilikupa kwa moyo. Ilikuwa imekaa pembeni kila siku ikinitazama, nikaona heri ibebe kitu.

Nyota yako ikifika, itazame kwa ajili yangu pia.

Wivine


Bukama, 20 Septemba 1956

Mwanangu Wivine,

Usishtuke kwa mwandiko huu. Ni wa Faustin, anaandika ninayoyasema, na nimemwapisha asirekebishe kitu. Brigitte hajambo, yuko kando yangu anamenya mihogo na kusikiliza.

Barua yako ilifika Jumatano. Jumatatu iliyotangulia tulikuwa tumeitazama nyota. Moshi ulikuwa umepungua, nayo ilitoka nyekundu juu ya mto, kubwa, hata wavuvi waliiogopa. Ua wangu ulijaa watu. Niliwatanguliza wageni, kama ilivyo desturi. Faustin alitazama kwanza. Katekista naye akatazama, kisha Brigitte, na huyu asiyesifu kitu hata harusini akasema, "Iko mviringo kama chungwa, na upande mmoja iko nyeupe kidogo, kama imepakwa unga." Wote waliona weupe. Kisha nikakaa mimi.

Niliona ukungu mwekundu. Nikasema miguu inatetemeka. Faustin hakubisha. Aliingia ndani akatoka na bakuli, akalijaza maji, akaliweka juu ya ubao, kando ya bomba, kama ulivyotufundisha. Akawasha taa. Wivine, maji yalikuwa yamesimama kama kioo. Nikatazama tena, ukungu ule ule.

Basi haikuwa miguu. Haikuwa meza, wala mninga wa Musonda, wala jogoo. Jicho la kuume limeanza kufunga tangu kabla ya Pasaka, na la kushoto linalifuata. Yule aliyechoka na sindano hakuwa Brigitte, ni yeye anayenitungia mimi. Kanyagio lako nililitambua kwa vidole kwa sababu kwa macho nisingeliona. Mtu wa ishara anayekiri kwamba haoni, amebaki nani? Nilikutuma kote huko mjini na bakuli lako, ukatafuta miguu ya namna nne, ili mimi nisiseme neno moja. Nilikuandikia mficha maradhi, nami nimelala nayo kitandani. Kwa ujasiri umenishinda, wewe ulisema kwanza.

Mfirmia, muuguzi wa hapa, ameyaangalia macho yangu. Anasema ni mtoto wa jicho, na kwamba Élisabethville kuna daktari anayeweza kumtoa, ila jicho huchukua miezi kupona na mgonjwa lazima akae karibu. Sasa nisikilize vizuri, na Faustin aandike kwa herufi kubwa.

HUTARUDI BUKAMA. NINAKUJA MIMI.

Ninakuja na Brigitte, na goti lake. Mdogo wake atakaa katika nyumba hii. Ndugu yangu alipokuwa anakufa hakukuacha kwa Clovis, alikuacha kwangu, nami nilidhani kazi hiyo imekwisha siku niliyokupandisha treni. Watu wa karatasi wakija kuuliza mwanaume wa nyumba hii yuko wapi, utawaambia yuko ndani, amelala, anaitwa Léonard, mtu wa reli, na kitabu chake cha kazi ni safi. Mambo ya nyumba na ya Clovis nitayasema mimi na wazee wa kwao. Hiyo ni kazi yangu, wewe shona.

Miguu nakurudishia. Ni ya mashine yako, na kichwa chake kitapatikana, mjini hakukosekani kichwa. Kwa hiyo darubini haina miguu tena, tumerudi mwanzo. Je, uani kwako pana nafasi?

Faustin anasema, kwa kuwa Katuba iko kusini zaidi ya Bukama, kichwa kiinuliwe kidogo, kama unene wa kidole. Safari hii tumesoma ukurasa wa kwanza.

Baba yako,
Léonard


Katuba, 7 Oktoba 1956

Baba,

Nafasi ipo. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikashindwa kuingia ndani. Kapinga alidhani ni msiba akaanza kulia kwanza, ikabidi mimi nimbembeleze yeye.

Njooni kwa treni ya Alhamisi, si ya Jumamosi, Jumamosi kuna msongamano na mama mudogo hatapata pa kunyoosha goti. Leteni blanketi. Unga msilete, mihogo leteni. Kitanda kimeshapatikana. Madeleine amesema atakusomea gazeti kwa sauti mpaka macho yapone, na nakuonya kwamba hana huruma.

Musonda na mimi tumejenga nguzo uani, mbali na njia ya malori. Tumechimba mpaka kiunoni, tukaweka matofali na simenti, na juu tumefunga skrubu nne za kushikia kichwa chenu, ili kitazame kusini. Alipima mwenyewe unene wa kidole, akauliza ni kidole cha nani. Nikamwambia cha Baba yangu, ni kinene. Nguzo hii hakuna atakayeiweka begani akaenda nayo.

Simenti ilikauka jana. Jioni, baada ya chakula, nililiweka bakuli juu yake nikalijaza, nikakaa kungoja maji yatulie. Yalitulia mara moja. Halafu niliona kitu chekundu ndani yake, kidogo, nikadhani ni cheche ya jiko la Kapinga. Niliinua kichwa nikaiona juu ya paa. Ndiyo yenyewe, Baba, bado haijaenda mbali. Nilitazama tena ndani ya bakuli, na ilikuwa imesimama tuli kabisa.

Wivine